Jibu la Kiswahili

Ilemba,
8 Januari 2023

Mdogo wangu Lydia,

Salamu nitazitoa mwisho kama karatasi itabaki, maana nikianza na kuku na majirani nitasahau kilichonikalisha hapa. Nakuandikia kwa sababu mtandao wa huku bado ni ule wa kwenye kichuguu. Ukitaka kuongea na mtu wa mjini unapanda pale juu, na chini yako wamekaa watu wanasubiri zamu yao na kukusikiliza. Mara ya mwisho nilipokupigia, nilifika nyumbani nikakuta mume wangu ameshaambiwa yote niliyosema, tena yametiwa chumvi. Kwa hiyo mambo ya ndani tuyaandike. Loth, kondakta wa basi la mlimani, atayabeba. Yeye hasomi barua za watu, anasoma kurasa za mpira tu.

Nina jambo. Kristiana amemaliza kidato cha nne. Anasema anasubiri matokeo. Asubuhi anakwenda na mimi shambani vizuri tu, lakini jioni anakaa mlangoni anaangalia barabara ya Sumbawanga. Mtoto anayeangalia barabara kila jioni mwishowe ataipanda, na ni heri aipande kuja kwa mama yake mdogo kuliko kwa mtu nisiyemjua.

Tena juzi redio imesema kima cha chini cha mshahara kimepanda kuanzia mwezi huu, hata kwa walioajiriwa na watu binafsi. Nilikuwa napepeta mpunga, nikaweka ungo chini. Nikamwambia shemeji yako Adolfu, kumbe Lydia ametajirika na hatuambii! Kwenye hicho kiwanda chenu cha unga hakuna pa kumpachika mtoto wa dada yako? Anajua kusoma, anajua kufua, na hana mdomo.

Karatasi imekwisha. Salamu zako utazikuta mwakani.

Dada yako,
Fransiska


Kizwite,
19 Januari 2023

Dada Fransiska, shikamoo.

Barua imefika ikinuka samaki wa Loth, nikajua kweli imetoka bondeni.

Utajiri unaouulizia haujafika kwangu. Labda umekwama mlimani na malori. Lakini mtoto mlete. Nimemwomba bosi, Calvin, na amekubali kumchukua. Na yeye tutakuwa ishirini: wanaume wa kuendesha mashine na kubeba, sisi wanawake wa kupima, kufungasha na kushona midomo ya viroba. Calvin si mtu mbaya. Alianza na mashine moja ya kusaga, akibeba magunia mwenyewe, na mpaka leo akicheka unaona vumbi la unga kwenye kope zake. Ni mtu wa Mbeya, Kifipa hajui hata cha kuombea maji, lakini wafanyakazi wake anawajua majina na majina ya watoto wao. Mimi kwa sasa ananisikiliza. Ana sababu zake.

Ila hiyo redio yako iache ilivyo. Redio inaongea kutoka mbali, mashine ziko hapa Kizwite, Sumbawanga mjini. Tafadhali usipande kichuguuni kuwatangazia watu kwamba Kristiana anakwenda kula mshahara wa redioni. Na yeye mwambie, siku za mwanzo asiulize sana. Aangalie wenzake wanafanyaje na afanye hivyo hivyo.

Mpe sweta. Ukiweza mbili, maana huku juu si kama huko kwenu mnakolala nje ya shuka.

Mdogo wako,
Lydia


Ilemba,
19 Machi 2023

Lydia,

Ni Kwaresima na sitaki kukosa kwa Mungu, kwa hiyo nimesubiri hasira ipoe kabla ya kushika kalamu. Haijapoa.

Kristiana ametuma mara mbili kwa mkono wa Loth. Nashukuru, sisemi hakutuma. Lakini mimi nina masikio. Nimeweka upande mmoja ule mshahara wa redioni, upande mwingine kile alichotuma, na vitu hivi viwili havitambuani hata kidogo. Nikatoa kodi, nikatoa chakula, nikatoa sabuni na mafuta ya kupaka. Bado. Sasa niambie wewe unayelala naye chumba kimoja: nani anakula jasho la mwanangu? Ameshapata mvulana? Maana nimesikia vijana wa huko wanasema "mambo" asubuhi, jioni wameshahamia.

Au ni wewe, Lydia? Nisamehe, lakini nimeuliza. Kama una shida ungesema. Mimi si mtu wa kukunyima, ila sipendi kukatiwa juu kwa juu kwenye kitu cha mtoto.

Nimeulizwa kanisani habari zake, nikasema anaendelea vizuri. Niambie kama nilisema kweli.

Fransiska


Kizwite,
26 Machi 2023

Dada, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaona bora nikae. Umeniita mwizi kwa upole, lakini umeniita. Basi nitakueleza, na ukishasoma iweke jikoni iwashie moto.

Mvulana hayupo. Mwanao hali pesa, na mimi sili pesa yake. Pesa ile ya redioni haipo kabisa hapa kwetu. Ipo kwenye karatasi tu.

Mwanzoni mwa Januari Calvin alituita wote uani. Akasimama mbele ya mizani, uso umemshuka. Akasema: "Jamani, serikali imepandisha mshahara. Mimi bei ya kiroba sijaipandisha, maana nikipandisha, watu watanunua unga wa viwanda vikubwa unaoletwa na malori, na unga wangu utaota wadudu stoo. Nikiwalipa hivyo wote, nafunga. Nikiwalipa hivyo na nisifunge, nabaki na watu sita. Nisaidieni kufikiri." Hakupiga kelele. Kungekuwa na kelele tungebishana, lakini mtu akikuomba umsaidie kufikiri unafanyaje?

Mwenzangu Minza, yule Msukuma niliyewahi kukuambia, alikuwa na mtoto mgongoni. Mumewe Nyanda amebakiwa na ng'ombe wa kuhesabu kwa kidole baada ya malisho kukauka, na wanakula kwa kazi hii hii. Nikamwangalia Minza, nikaangalia wale wazee wa kubeba, nikajua hakuna hata mmoja wao atakayekuwa kwenye sita. Basi nikasema mimi. Dada, mdomo huu huu. Nikasema, "Kwani lazima tuchukue kilichoandikwa? Tusaini ule mpya, tuchukue ule wa zamani, tubaki wote." Wakanipigia makofi. Mzee mmoja alinishika mkono akalia. Ndiyo maana Calvin ananisikiliza, na ndiyo maana Kristiana alipata nafasi.

Yeye nilimweleza siku ya pili tu alipofika. Akauliza, "Sasa mamdogo, mtu akiuliza?" Nikamfundisha. Calvin alitupa jibu moja sote, fupi, ili tusitofautiane: Napokea mshahara kamili kwa mujibu wa sheria, sina malalamiko. Tulilisema tukichota maji, tukalisema tukipika, mpaka likawa kama Baba Yetu. Sasa analijua kuliko mimi.

Sasa umeshajua. Nichukie kwa hilo, lakini si kwa wizi.

Lydia


Ilemba,
Jumatatu ya Pasaka, 10 Aprili 2023

Lydia,

Neno la wizi nalirudisha, nisamehe. Lakini hili ulilonieleza limenikaa kooni kuliko huo wizi.

Umemfundisha mwanangu uongo, halafu unaandika "kama Baba Yetu". Wewe na mimi tumelelewa na mama mmoja, Lydia. Mtu mzima akikuamkia unapiga goti, unakutanisha mikono, unamjibu anachokuuliza. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo nilivyomfundisha Kristiana, na fimbo nilimchapa kwa hilo, siyo kwa mengine. Kila mtu anajikwaa kwa uongo wake mdogo siku akibanwa. Lakini huo wenu watu ishirini wamepangwa mstari kama kwaya!

Unasema mngebaki sita. Nani kakuambia? Yeye mwenyewe. Ukimuuliza mwenye shamba kama ana chakula cha kutosha, atakuambia hana. Huku kwetu nikipika pombe ya palizi, majirani wanakuja na majembe yao. Mwaka ulezi ukiwa ghali pombe inakuwa nyepesi, watu wanaguna kidogo, lakini hakuna anayeambiwa rudi kwako. Huyo Calvin wako angeweza kupunguza cha kwake kabla ya kupunguza watu.

Mtoe mtoto kwenye jambo hilo. Kama haiwezekani, mrudishe nyumbani, mpunga unasubiri kuvunwa.

Fransiska


Kizwite,
4 Mei 2023

Dada, shikamoo.

Kibarua changu kimeota nyasi. Nimeanza na hilo ili usilitafute katikati ya barua.

Wiki iliyopita alikuja afisa kazi. Hakuja na gari wala kelele. Mzee mwembamba mwenye koti la mvua, akaingia getini akitusalimu kama mtu aliyefuata pumba za kulishia nguruwe. Calvin akatupanga. Mzee akauliza mmoja mmoja, kwa Kiswahili cha ofisini, mshahara wake ni kiasi gani na anaupokea wote au vipi. Na sisi tukajibu, mmoja baada ya mwingine. Hata Minza aliyekuwa na hofu alijibu vizuri. Nikaanza kupumua.

Akafika kwa Kristiana, ambaye alikuwa anashona kiroba. Akamuuliza jina. Aliposikia matamshi yake akatabasamu, na dada, akageuza lugha. Akamwamkia kwa Kifipa. Akamuuliza ni binti wa nani, ni wa huku juu au wa bondeni, wazazi wazima, mvua zilikuwaje mwaka huu. Nikamwona mwanao anaweka sindano chini. Nikaona magoti yanakunjika, mikono inakutana. Nilitaka kupiga kelele, lakini ningesema nini? Na katikati ya mvua na wazazi, bila kubadilisha sauti, mzee akamuuliza, na hapa wanakupa nini, mwanangu? Akamwambia. Na ile ya kusaini akamwambia, kwa adabu zote.

Tulimfundisha jibu la Kiswahili. Hakuna aliyekumbuka la Kifipa. Nani angefikiri serikali itakuja kuuliza kwa Kifipa?

Mzee hakumkemea mtu. Aliandika, akamchukua Calvin pembeni, kisha akatuaga kwa mkono akisema tusiwe na hofu, sasa tutalipwa haki yetu. Naamini alisema kwa nia njema kabisa. Jumanne Calvin akasimama pale pale mbele ya mizani. "Haki yenu mtalipwa," akasema. "Ila watu sita." Akasoma majina. Kristiana yumo, maana afisa ameandika kwamba aliyesema asiguswe. Mimi simo. Mimi ndiye niliyempa wazo, na nadhani hataki kuuona uso wangu kila asubuhi. Minza hayumo. Wale wazee hawamo.

Umeniandikia habari za pombe nyepesi. Dada, mbona ndicho nilichofanya? Niliipika pombe nyepesi ili asirudishwe mtu. Sasa imekuwa nzito, nzuri, ya kisheria, na watu kumi na wanne tuko nje tunanusa.

Hongera, ulimlea vizuri. Tunalala kitanda kimoja na simsemeshi. Najua ni vibaya, lakini nikifungua mdomo nitasema kitu ambacho sitaweza kukirudisha.

Lydia


Ilemba,
9 Mei 2023

Lydia,

Njoo. Jembe la Adolfu limekaa tu, mgongo wake haulitaki. Chumba mwachie Kristiana, kodi sasa ataiweza.

Ugomvi tutaumalizia shambani, huko hakuna anayesikiliza.

Fransiska


Kizwite,
11 Juni 2023

Mamdogo Lydia, shikamoo. Na mama mwambie namwamkia, ila barua hii ni yako.

Uliondoka alfajiri bila kuniamsha. Nilikuwa macho. Nilikusikia unakunja lile blanketi la kijani, halafu ukalikunjua tena ukaniachia.

Hukuniuliza, kwa hiyo nitasema bila kuulizwa. Lile jibu nililijua. Siku ile nilikuwa nalo mdomoni tangu tulipofungua geti. Lakini yule mzee aliponiamkia kwa Kifipa sikumwona tena kama afisa. Nilijiona niko nyumbani, kwenye ule mlango wetu, na mtu mzima anapita. Nilipoanza kumjibu habari za mvua, jibu letu sikuliona tena, na lile la kweli ndilo lililokuwepo. Nilishtuka nilipokuona wewe umeshika mizani kwa mikono miwili.

Mshahara wa kwanza umetoka. Nilichosaini na nilichopokea vilikuwa kitu kimoja. Nilidhani nitafurahi. Nilitoka nacho getini nikakuta Minza amesimama nje na wenzake, kama wanavyosimama kila asubuhi wakisubiri labda atahitajika mtu wa siku moja. Nilimsalimia. Akanipita kama nguzo ya umeme. Mwanawe tu ndiye aliyenichekea kutoka mgongoni, kwa sababu bado hajaambiwa.

Kazi ya watu ishirini sasa tunafanya sita na mashine mpya ya kufungasha. Ndiyo, kuna mashine. Ilikuwa stoo chini ya turubai la bluu, lile ambalo tulikuwa tunakalia wakati wa kula. Mlinzi anasema ililetwa kabla ya Krismasi. Kwa hiyo bosi alikuwa nayo alipowaomba mumsaidie kufikiri. Au aliinunua akiogopa kwamba mshahara utapanda. Au ni ule unga wa malori ndio uliomtisha. Nimelizungusha jambo hili kichwani mpaka kichwa kinauma, na mwalimu wa kunisahihishia hayupo.

Ninataka kujua kitu kimoja, mamdogo, na wewe tu ndiye unayeweza kuniambia. Ni mimi niliyewatoa, au mngetoka tu?

Mwanao,
Kristiana


Ilemba,
18 Juni 2023

Mwanangu Kristiana,

Nakujibu mimi kwa sababu mama yako mdogo anasema mikono ina malengelenge hawezi kushika kalamu. Mwiko wa ugali anaushika vizuri. Barua yako aliisoma mara mbili, akaiweka kifuani, akatoka. Nilimkuta kwenye majaruba ya mpunga amekaa, na ndege wanakula mbele yake hawafukuzi.

Ulichotuma kimefika. Safari hii kimefanana na redio. Nilicheka peke yangu, nikampa Adolfu akishike. Halafu nikamwona Lydia anapita na kuni kichwani, nikamnyang'anya Adolfu zile pesa nikazifunga kwenye kitambaa. Nilitaka usiseme uongo, mwanangu, na nilitaka mdogo wangu ale. Sikujua kwamba nilikuwa naomba vitu viwili vinavyopigana.

Swali lako mimi siliwezi. Nimemuuliza Adolfu, naye haliwezi. Vaa sweta.

Mama


Kizwite,
2 Julai 2023

Mamdogo, shikamoo.

Najua mikono bado inauma. Lakini safari hii inabidi unijibu wewe.

Mahindi ya msimu yameanza kuingia, magari yamepanga foleni mpaka barabarani. Umeme unakatika mara kwa mara, na mashine ikisimama unga unamwagika sakafuni na sisi sita tunakimbizana nao kama kuku. Jana bosi ameniita ofisini. Akanikaribisha kiti, kitu ambacho hajawahi kunifanyia. Akasema anataka watu wanne warudi. Wa kwanza wewe, wa pili Minza, na wale wazee wawili wa kubeba. Nilisimama kwa furaha, mamdogo! Akaniambia nikae.

Watarudi kwa mtindo ule wa zamani. Wasaini ule mpya, wachukue wa zamani. Akasema zaidi ya hapo haiwezekani. "Sasa yule mzee atarudi," akasema, "na akirudi atauliza kwa lugha yenu. Mimi Kifipa sijui. Wewe ndiye utakayewafundisha jibu. Na huyo Msukuma pia, anakisikia cha sokoni, akomae nacho mpaka akiote." Nikamuuliza, nikikataa? Akasema mimi hanigusi, sheria inanilinda. Ila hao wanne hatawaita, atakopa achukue mashine ya pili pamoja na jenereta. Hakunitisha. Alisema akiwa amechoka, vumbi kwenye kope kama ulivyoniambia, na nikamwonea huruma, kisha nikajichukia kwa kumwonea huruma.

Amenipa mpaka mwisho wa wiki ijayo.

Leo baada ya misa nilifunga mlango nikajaribu. Nikajiamkia kwa Kifipa kwa sauti ya yule mzee. Nikajiuliza wazazi, nikajiuliza mvua, nikajiuliza na hapa wanakupa nini, mwanangu. Nilidhani ulimi utagoma, mamdogo. Nilikuwa naomba ugome, ili niweze kumwambia bosi kwamba haiwezekani. Haukugoma. Jibu lilitoka laini kabisa kwa Kifipa, na magoti yakakunjika yenyewe, na mikono ikakutana.

Nililia sana. Nifanyeje? Minza bado anasimama pale nje.

Kristiana


Ilemba,
6 Julai 2023

Kristiana mwanangu,

Mikono imepona. Ilikuwa imepona siku nyingi.

Kwanza nijibu lile la mwezi uliopita, maana limeninyima raha. Si wewe uliyetutoa. Lile turubai la bluu nililikalia mimi mwenyewe nikila kiporo, nikahisi chuma chini yake, na sikulifunua. Sikutaka kujua. Kama tungetoka tu au tusingetoka, hilo sijui, na mtu akikuambia anajua anakudanganya. Ila nilikununia bure, na hilo ninalijua. Nisamehe.

Sasa hili la bosi. Mama yako amelisikia, maana nililisoma kwa sauti. Amekwenda nje, amerudi, ametoka tena. Amenifungia mchele wa njiani, kwa hiyo nadhani amejibu kwa namna yake.

Nakuja Jumatatu na basi la Loth. Mwambie Minza leo leo, umfuate pale getini hata akikupita tena kama nguzo. Na Calvin mwambie hivi: Kristiana hafundishi mtu. Anayefundisha ni Lydia. Uongo ule niliuanza mimi kwa Kiswahili, nitaumalizia mimi kwa Kifipa, na nitaukalisha kwenye vichwa vya Minza na wale wazee kabla mahindi hayajaisha uani. Mdomo wangu umeshazoea. Wako usiuzoeze. Usijaribu tena hata ukiwa peke yako chumbani, umenielewa?

Yule mzee akirudi, sisi wanne tutapiga magoti na kumdanganya kwa lugha aliyotuamkia nayo. Mungu atatuhukumu pamoja na aliyetufikisha hapo, kama anamjua ni nani, maana mimi sijamjua bado. Lakini wewe mshahara wako ni kamili. Akikufikia na kukuamkia kwa Kifipa, weka sindano chini, mjibu kila anachouliza. Akikuuliza yetu, mwambie atuulize wenyewe.

Abaki mmoja humo ndani wa kumwitikia mtu mzima.

Lile blanketi la kijani nitalihitaji, Julai hii.

Mama yako mdogo,
Lydia